Kwa Nini Tuba Langu Linanuka Kamba

Jumamosi iliyopita, kwenye ile harusi ya Temeke, bibi harusi aliinua shela, akanusa huku na huku, akamwuliza mpambe wake kama kuna mtu amekuja na samaki. Hakuna aliyekuja na samaki. Lilikuwa tuba langu, nami nilikuwa nimelielekeza usawa wa pua yake. Ninyi wenzangu wa matarumbeta mlicheka mpaka mkashindwa kupiga, na tangu siku hiyo kila ninayekutana naye ananiuliza, Gaspari, umefungua bucha la kamba? Nimechoka kusimulia vipande vipande. Naandika yote mara moja, mpokezane, mniache nipumzike.

Kwa wale mlioingia kwenye matarumbeta juzi, hamkumjua Mwalimu Mbonde, kwa hiyo nianze naye. Alitufundisha sisi wa zamani kwenye bendi ya shirika, enzi zile shirika lilipokuwa na bendi, timu ya mpira na shamba la ng'ombe. Alikuwa amesomeshwa ng'ambo, kwenye nchi ya baridi, akapiga tromboni ndani ya okestra ya watu wengi, ambako watazamaji hukaa kimya na makoti yao kama wako mahakamani. Alirudi na koti lake la kahawia, ambalo alilivaa hapa Dar katika joto hili bila aibu, na wimbo mmoja wa ala za shaba tupu. Wimbo ulikuwa na jina la Kizungu lisilotamkika, sisi tukauita Ule wa Polepole.

Mwalimu alikuwa haongei sana. "Mabega chini. Pumzi kwanza, ujuaji baadaye." Mtu akimfurahisha alimwambia "Vizuri," neno moja, na mtu huyo alitembea kifua mbele wiki nzima. Rafiki yangu Shomari, mpiga tarumbeta, aliambiwa vizuri akatutangazia mpaka tukamchoka. Mimi sikuambiwa hata siku moja. Mimi nilikuwa naambiwa "Tena." Sababu ni kwamba katikati ya Ule wa Polepole kuna mahali ambapo wote wananyamaza, tuba linasubiri, kisha linaingia peke yake. Sikuweza kusubiri. Wenzangu wakinyamaza naona kama wamekufa, nami nakimbilia kuwafufua. Miaka yote niliingia mapema, na miaka yote Mwalimu akasema "Tena."

Kisha shirika likabinafsishwa. Mnunuzi akatazama ng'ombe akasema sawa, akatutazama sisi akasema hapana. Mwalimu akarudi kwao Mikandaani, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, kwa mkewe ambaye siku zote alikuwa amebaki huko akilima mpunga. Siku ya kuagana alituambia: "Nikifa msinililie. Njooni mpige Ule wa Polepole pale nyumbani, mke wangu ausikie. Mimi nimemwimbia sehemu ya tromboni tu, maskini, anadhani wimbo ndio huo." Tukaahidi. Ahadi ya mtu mwenye afya ni nyepesi sana kuibeba.

Mjini hadi kizuizini

Tangazo la kifo tulilisikia redioni likiwa limechelewa, mazishi yameshapita. Shomari, ambaye siku hizi anauza viatu vya mitumba na hajagusa tarumbeta tangu bendi ife, alifunga meza yake palepale. "Arobaini tutawahi," akasema. Nikamwazimia tarumbeta. Wenzetu wengine wa bendi mmoja yuko Mwanza, mmoja ameokoka anasema wimbo ule hauna neno la Mungu, mmoja hatukumpata. Tukaenda wawili na wimbo wa bendi nzima.

Kondakta wa basi la kusini alilitazama tuba, akasema hilo si mzigo, hilo ni abiria, na ni abiria mnene. Tukapata lori la marobota ya mitumba linalopeleka nguo Kibiti. Tukakaa juu ya marobota pamoja na mama mmoja aliyebeba kuku, na tuba katikati yetu. Barabara ile mnaijua. Pale palipokuwa na mchanga tulishuka tukasukuma, palipokuwa na tope tulishuka tukasukuma, na palipokuwa pazuri dereva alisimama kupoza injini.

Kabla ya Kibiti tukakuta kizuizi. Mti ulikuwa umeinuliwa, gari lililotangulia ndiyo kwanza limepita, lakini mgambo alitusimamisha kwa mkono. Akapanda juu ya marobota, akalizunguka tuba taratibu.

"Mtambo huu wa nini?"

"Tuba, afande," nikajibu.

"Mie sikuuliza jina. Nimeuliza wa nini."

"Wa kupulizia."

Akaingiza pua yake ndani ya mdomo wa tuba, akavuta hewa. "Mabomba yote haya. Yanaingia hapa, yanazunguka, yanarudi, yanatokea kule. Mie nimekamata mitambo ya gongo tangu nivae nguo hizi. Uliotengenezwa kwa ufundi namna hii sijapata kuuona. Shusha."

Nilijaribu kumweleza. Nikapuliza sauti moja, akasema hata birika linapiga kelele likichemka. Nikaona Mikandaani inaniponyoka, tuba linakwenda kituoni kuwa ushahidi. Hapo ndipo Shomari aliposimama juu ya robota, akaliweka tarumbeta mdomoni, akaanza wimbo wa taifa.

Mgambo alikakamaa palepale. Dereva, aliyekuwa ameshuka kuangalia tairi, akasimama wima na spana yake. Mama wa kuku akasimama, kuku kifuani. Shomari akafika mwisho, akaona mkono wa mgambo unaanza kuteremka kuelekea kwenye tuba, akaanza upya. Akamaliza, mkono ukacheza, akaanza upya tena. Mgambo alikuwa ameteleza kutoka juu ya marobota mpaka barabarani kwa heshima zote, kisigino kwa kisigino, na hapo nikamkonyeza dereva. Akaelewa. Akaingia ndani ya gari polepole, mgongo umenyooka kabisa, akawasha injini bila kutazama pembeni. Tukapita kizuizini kwa mwendo wa maandamano, Shomari nyuma akipiga, mgambo barabarani amesimama wima, mpaka kona ikatutenganisha.

Hatukukamatwa. Ila midomo ya Shomari, iliyokaa miaka bila kazi, ilivimba ikawa kama vitumbua.

Kibiti, vyama vinaoana

Trekta la kwenda Ruaruke, zinakoanzia boti za delta, lilikuwepo, dizeli haikuwepo. Tukaambiwa tusubiri. Tukaingia mgahawani tukaagiza chai na mihogo. Hata sijatia sukari, akaingia bwana mmoja amevaa kofia na kitambaa cha chama, jasho linamtiririka.

"Alhamdulillahi, mmefika! Tuliahidiwa bendi kutoka Dar tangu asubuhi!"

Nilitaka kumwambia ukweli. Lakini Shomari alikuwa ameona sinia la wali na kuku linapita, akasema, "Tumefika." Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Akaongeza, "Na tuna njaa."

Mnajua hali ilivyo tangu vyama vingi vianze, kila mtu kichwa kimechanganyika. Tulikuwa bado tunatafuna alipoingia bwana wa pili, kofia nyingine, rangi nyingine. "Si ndio hawa watu wetu?" akasema. Likaja sinia la pili. Yule wa kwanza akamwambia wa pili kwamba chama chake kinaiba hata wapiga matarumbeta. Wa pili akamjibu kwamba chama cha wa kwanza hakina hata wa kumwibia. Wakagombana mpaka nje, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kushindwa, wakatugawana. Mmoja akaondoka na Shomari, mwingine akaondoka na mimi.

Mikutano yao ilikuwa upande huu na upande ule wa uwanja mmoja, vipaza sauti vinatazamana. Nikapandishwa jukwaani kwa watu nisiowajua, nikapewa kofia. Ng'ambo nikamwona Shomari amepewa kofia ya wale wengine. Akaanza kupiga. Kitu gani kingine anakijua cha kuchangamsha watu? Akapiga ile ya kumtoa bibi harusi. Nanyi mnanijua. Tarumbeta likiita, mimi naitika, hata niwe usingizini. Nikaitika kutoka jukwaa la wapinzani wake. Akaita, nikaitika.

Watu waliokuwa katikati wakaanza kucheza. Kina mama wakapiga vigelegele. Bibi mmoja akauliza, "Jamani, nani anaoa?" Kijana akamjibu, "Vyama vinaoana, bibi." Mzee mwingine akasema kwa sauti kwamba alikuwa anaogopa vyama vingi kwa kusikia vinaleta vita, lakini kama ndivyo hivi, na viongezwe. Wasemaji wawili wakakohoa kwenye vipaza sauti vyao, hakuna aliyewasikiliza. Mwishowe wale mabwana wawili wa kofia wakakutana katikati ya uwanja, wakashauriana, na kwa mara ya kwanza siku ile wakakubaliana jambo. Walikubaliana kutufukuza. Walitukimbiza bega kwa bega mpaka kwenye trekta, ambalo kwa bahati njema lilikuwa limepata dizeli.

Ruaruke, kwa wakwe wa dereva

Dereva wa trekta aliitwa Bwana Seifu, mtu mpole, mwenye wake wawili na kwa hiyo mwenye wakwe kila upande wa njia. Yeye hapiti kwa mkwe bila kuingia. "Nikipita moja kwa moja watasema nimemwacha mtoto wao," alinieleza. Nikamwambia kesho ni arobaini ya mwalimu wetu. Akasema, "Inna lillahi. Basi tutaingia kidogo tu."

Kila tulipoingia kidogo tu, mkeka ulitandikwa. Tulikula bada ya unga wa muhogo na kisamvu, tukala kambale, tukala ming'oko ya kuchemsha, tukanywa maji ya madafu. Na kila mahali Bwana Seifu alitutambulisha kwa wakwe zake: "Hawa ndugu zangu wa Dar, wamekuja kuniletea heshima." Kisha anatugeukia na macho ya kuomba. Tunapiga. Shomari anapiga kwa upande mmoja wa mdomo, ule usiovimba sana.

Tulikuwa tumeshakaribia Ruaruke tulipofikiwa na mtu wa baiskeli ametoka nyuma tulikotoka. Mama mkwe wake, mama wa mke mkubwa, alikuwa amepata habari kwamba kwao mke mdogo tulipiga nyimbo ndefu zaidi. Alikuwa amekaa chini mlangoni na amesema hali wala hanywi. Bwana Seifu alishika usukani kwa mikono miwili, akanitazama.

"Ndugu yangu," akasema, "wewe una mwalimu mmoja tu, naye amekwishakufa. Mie mama mkwe wangu yu hai."

Akageuza trekta. Tukarudi kumpigia mama mkwe, naye akasikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu, akasema sasa ni sawasawa, akatupa korosho za njiani. Ruaruke tuliingia usiku, tumebeba korosho, hatuna nguvu. Kule Mikandaani siku ya mwisho ya msiba ilikuwa kesho yake. Tukikosa kesho, mke wa Mwalimu atabaki na sehemu ya tromboni peke yake maisha yake yote.

Majini

Asubuhi tukapata boti la mashine la Bwana Hemedi, mnunuzi wa kamba. Mnajua tangu biashara ziachiwe huru kila mwenye barafu amekimbilia delta. Huyu alikuwa na barafu, sanduku moja kubwa na haraka nyingi. Akakubali kutuchukua kwa sharti tusiongee na wavuvi kuhusu bei za Dar.

Kwenye bandari ndogo ya kwanza alinunua kamba, ya pili akanunua, ya tatu wavuvi walikuwa wamepata kuliko alivyotegemea. Sanduku likajaa. Kamba wengine wakabaki kwenye kapu juani. Bwana Hemedi akatazama kapu, akatazama barafu iliyobaki, kisha macho yake yakatua juu ya tuba langu, nami nikajua.

"Hapana," nikasema.

"Sijasema kitu."

"Hapana, Bwana Hemedi. Hii ni ala."

"Ina mdomo, ina tumbo. Kwangu mie hicho ni chombo, na kwenye boti langu chombo hakikai kitupu." Akanionyesha ukingoni, tope tupu na mizizi ya mikoko imechomoza, kaa wanatembea ubavu. "Au mshuke hapa mpunge upepo."

Shomari akaniambia kwa midomo yake mizito, "Gaspari, Mwalimu angekubali." Mwalimu angetuzamisha wote watatu. Lakini nilishika tuba, nikageuza uso pembeni kama mtu anayechomwa sindano, wakalijaza. Kamba, barafu, kamba, barafu, na jani la mgomba juu.

Kisha maji yakapwa. Boti likakaa juu ya tope, tukakaa ndani yake, tukitazama mikoko nayo ikitutazama. Hakuna cha kufanya maji yakipwa, hata rais angekaa. Barafu ilianza kuyeyuka ndani ya tuba. Kwa wasiwasi nikabonyeza vitufe, nikafungua kile kitobo cha kumwagia mate, maji ya kamba yakatoka chururu. Bwana Hemedi akaruka.

"Kumbe lina koki!" akasema. "Ndugu, dude hili unaliuza?"

Maji yaliporudi jua lilikuwa limeshavuka utosi. Muda wote nilikuwa nikijihesabia jinsi nitakavyosubiri pale katikati ya wimbo, nikigonga kwa kidole cha mguu. Nilitaka kuingia sawasawa mara moja tu, hata kama aliyepaswa kusema vizuri hayupo tena.

Mikandaani

Tulikuwa hatujafunga boti niliposikia sauti kutoka ukingoni.

"Mmechelewa!"

Nikainua macho. Mwalimu Mbonde alikuwa amesimama pale. Koti la kahawia, kofia, miwani, fimbo ile ya kugongea mapigo, mgongo umenyooka. Shomari akatoa shahada. Mimi nikafanya ishara ya msalaba. Bwana Hemedi, ambaye hakumjua, aliuliza kama huyu naye ni mnunuzi.

"Mabega chini! Tumbo ndani! Ala zenu ziko wapi?"

Sijui niwaelezeje. Mtu amekufa, tangazo la redio umelisikia, arobaini yake ndiyo iliyokuleta, lakini sauti ile ikisema ala ziko wapi, miguu inatii yenyewe. Tulisimama ndani ya boti wote wawili, kifua mbele. Boti likaenda upande. Shomari akainua tarumbeta. Nami nikainua tuba, nikaligeuza mdomo juu, halafu chini, na kamba wote wa Bwana Hemedi na maji yao ya barafu wakanishukia kichwani, wakaingia ndani ya shati.

Ukingo mzima ulilipuka kwa kicheko. Kumbe nyuma ya mikoko walikuwa wamejipanga kina mama chungu nzima. Mwalimu akavua kofia, na chini ya kofia kulikuwa na mtandio, na chini ya mtandio uso mpana wa mama mtu mzima anayelia kwa kucheka.

Alikuwa Bi Sikudhani, mtani wa ukoo, Mmatumbi wa kutoka vilima vya kusini. Utani wa msibani mnaujua, lakini mimi nilizoea ule wa kurushiana maneno na kunyang'anyana sahani. Huyu tangu mazishi alikuwa amevaa nguo za marehemu. Aliwakagua wachimba kaburi kama walisimama sawa. Alilikemea jeneza kwamba limeingia kabla ya wakati. Akifanya hivyo waliofiwa hucheka hata wasipotaka, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika, maana mtani ndiye anayewavusha.

"Karibuni wanangu," alituambia, akinitoa kamba sikioni. "Siye tuliwangoja mpaka tukachoka."

Tukapelekwa kwa Mzee Athumani, kaka wa marehemu, ambaye ndiye aliyeongoza dua. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Dua ilikuwa imeshasomwa, masinia ya ubwabwa yanashushwa. Watu wakishamaliza kula na masufuria yakifunikwa, msiba umekwisha, kila mtu kwao. Nikamweleza ahadi yetu.

"Mmefanya uungwana kuja," akasema. "Kuleni. Lakini matarumbeta hapana, baba. Hapa msibani, dua haijapoa."

"Mzee, mwenyewe aliagiza. Mkewe ausikie."

"Maiti huagiza mengi. Sie tuliobaki ndio tunaokaa na majirani."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma, maana mtu mbaya ungeweza kubishana naye. Mke wa Mwalimu alikuwa ndani kwenye eda, hatoki, haonani na wanaume. Dirisha la chumba chake lilikuwa na pazia la kanga. Nikakaa mkekani karibu na pale. Ubwabwa ulikuwa mzuri, nazi imekolea, lakini nilimwachia Shomari. Nilimwonea aibu yule mama nyuma ya pazia. Tumetoka Dar, tumekimbizwa na vyama viwili, nami nitaondoka nimemletea harufu ya kamba tu.

Ghafla tukasikia kishindo. Bi Sikudhani alikuwa amelichukua tuba, ameliweka katikati ya mlango, akalikalia.

"Nimekamata mateka!" akatangaza.

Mtani akikamata kitu msibani lazima kikombolewe, na anayetaja fidia ni yeye. Mzee Athumani alimtolea jogoo. Akakataa. Akamtolea nazi, akamtolea paja la mbuzi, Bi Sikudhani akapanga tu koti lake vizuri.

"Mie nataka kilio chake," akasema. "Wamesema dude hili hulia. Na lilie nilisikie. Lisipolia sinyanyuki, na nisiponyanyuka masufuria hayafunikwi, na huu msiba wenu utakwenda nao mpaka mvua za mwakani."

Mikono ya watu ikasimama ndani ya masinia. Mzee Athumani aliangalia mbingu, akaangalia masufuria, mwisho akaangalia lile pazia la kanga, akalitazama kwa muda.

"Mtani hakataliwi," akasema. Akachukua birika. "Mie nakwenda kutawadha. Na leo nitatawadha taratibu sana."

Tukasimama, mimi na Shomari, shati langu bado limelowa. Tukaanza Ule wa Polepole. Tarumbeta la Shomari lilikwaruza, midomo inamwuma mpaka machozi, lakini alipiga. Na sehemu ya tromboni, tuliyodhani itakuwa shimo tupu, Bi Sikudhani aliiimba kwa pua. Mwalimu alikuwa akiiimba kila asubuhi akielekea shambani, na kijiji kizima kilikuwa kinaijua.

Tukafika pale katikati. Wote wakanyamaza. Nikaanza kuhesabu kwa kidole cha mguu. Kimya kilikuwa kikubwa, hata kuku wametulia, na mimi nikaona wote wamekufa, pamoja na Mwalimu. Nikaingia. Mapema, kama kawaida yangu. Na pamoja na sauti akatoka kamba mmoja aliyekuwa amesalia shingoni mwa tuba, akaruka, akatua juu ya ubwabwa wa jirani.

Watoto walicheka, watu wazima wakafuata. Nilishusha tuba. Safari yote ile kuja kukosea palepale, mbele ya nyumba yake.

Ndipo sauti ya mama ikatoka nyuma ya pazia. "Huyo ndiye Gaspari?"

"Ndiye," akajibu Bi Sikudhani.

"Aliniambia watakuja watu na matarumbeta, nisimwamini kila mtu, siku hizi kila mwenye bati ana bendi. Akasema, ukimsikia wa besi ameingia kabla ya wakati, basi hao ndio wanangu." Akacheka kidogo, kisha kicheko kikageuka kilio, na kina mama waliokuwa naye ndani tukawasikia wakimbembeleza.

Nilingoja akatulia. Sikutaka kuuliza, lakini nilikuwa nimelibeba neno hilo miaka mingi mno. "Mama, mimi hakuwahi kuniambia vizuri."

"Angekwambiaje, mwanangu? Alikuwa akisema, mtu nikiona amefika mwisho wake namwambia vizuri, nimwache akapumzike. Wewe alikuwa hajamalizana nawe."

Shomari akashusha tarumbeta, midomo imemvimba, macho yamemtoka. "Mama," akasema, "mimi aliniambia."

Ndani mtu akaguna.

"Pole, mwanangu," mama akasema.

Bi Sikudhani alikuwa amejifuta machozi kwa mkono wa koti. Akarudisha kofia kichwani, akanyoosha mgongo, akagonga fimbo. "Tena."

Tukaanza toka mwanzo. Shomari alipiga kwa hasira sasa, na hasira ilimfaa kuliko sifa. Tukafika pale katikati, wakanyamaza. Nikahesabu. Nilitamani kuingia, nikajizuia, nikatamani tena, nikajizuia, mpaka nikamwona kwa pembe ya jicho Mzee Athumani nyuma ya ukuta amesimama na birika, maji yameshaisha, mkono bado umeinama. Nikaingia. Sauti ilitoka ya chini, imejaa, ikatikisa pazia la kanga, nasi tukaenda nayo mpaka mwisho wa wimbo.

Safari hii hakuna aliyecheka. Bi Sikudhani alinitazama kupitia miwani ya Mwalimu, ambayo kioo kimoja hakipo, kifua chake mbele kama yeye. Nikamwona anafungua mdomo, nami nikaomba kwa Mungu wangu na kwa Mungu wa Mzee Athumani, ambaye ni yuleyule, kwamba neno lolote litoke pale, lisiwe vizuri.

"Tena," akasema, nasi tukaanza upya.